Shali ya fumbo ya Westknits: inamfaa anayeingia mara ya kwanza?

Kila mwaka, Oktoba ikikaribia, Stephen West, Mmarekani anayeishi Amsterdam na mmoja wa wenye duka la nyuzi la Stephen & Penelope, huuza, kwa jina lake la kazi la Westknits, maelekezo ya shali ambayo mnunuzi hajaiona. Unalipa kwanza. Kinachotangulia ni orodha fupi tu: rangi ngapi, mita ngapi za kila rangi, sindano ya ukubwa gani, na kipimo cha vitanzi kwa sentimita 10. Picha hakuna. Maelekezo yenyewe huja kwa vidokezo, kimoja kila wiki, kwa kawaida vinne, na watu wa nchi nyingi hufuma kipande kilekile ndani ya wiki ileile bila kujua kinaelekea wapi.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa aliyekwisha kufuma shali moja mpaka mwisho, anayejua kuongeza na kupunguza vitanzi, na asiyeogopa kufumua mistari kumi ikibidi, hii ni pesa iliyotumika vizuri. Mbinu zinazofundishwa katika wiki nne ni nyingi kuliko za shali ya kawaida. Kwa ambaye bado anachanganya kitanzi cha mbele na cha nyuma, asubiri mwaka mmoja. Ugumu wa mkono si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba ukikosea hutajua umekosea. Katika maelekezo ya kawaida picha inakusuta mara moja, lakini hapa kinachoweza kukusuta ni hesabu ya vitanzi inayotajwa mwisho wa kila sehemu. Asiyependa kuhesabu atafika wiki ya tatu na kitu kilichopinda, na hatajua kilianza kupinda wapi.

Unachonunua ni faili ya PDF inayokua. Ukiinunua kupitia Ravelry, tovuti ya wafumaji, inakaa kwenye maktaba ya akaunti yako, na kidokezo kipya kikitoka unaipakua upya. Hapa wageni wengi huteleza: wanabaki na nakala waliyoipakua siku ya kwanza, wakati masahihisho yameshaingizwa kwenye nakala mpya. Jizoeze kupakua upya kabla ya kuanza kila kidokezo, hata kama unadhani unacho tayari. Malipo ni kwa PayPal au kadi. Kulipa moja kwa moja kwa M-Pesa hakuna, kwa hiyo panga hilo kabla ya siku ya mwisho.

Pamoja na maelekezo kuna video za West mwenyewe akionyesha sehemu ngumu, na kwa maoni yetu hizo ni nusu ya thamani. Mkono unaonekana kwa karibu, uzi ni wa rangi kali, na kitendo kinarudiwa. Hata ukishusha ubora wa video ili kuokoa bando, unaona kila kitanzi kinakopita.

Sasa uzi, maana hapa ndipo shali inapofaulu au kuharibika, tena kabla ya kidokezo cha kwanza.

Shali hizi kwa kawaida hufumwa kwa uzi mwembamba, ule ambao bunda la gramu 100 huwa na mita 400 hivi. Jihadhari na maneno ya lebo. Uzi ulioandikwa "4 ply" kwa desturi ya Uingereza ni mwembamba na unafaa, ila Marekani maneno hayohayo mara nyingi humaanisha uzi mnene wa sweta. Usisome neno, gawanya mita kwa gramu. Ukipata karibu 4, uko mahali pake. Ukipata 2, uzi ni mnene mno: shali itakuwa blanketi, na mita zitakwisha kabla ya kazi kwisha.

Rangi hutajwa kwa herufi, A, B, C, D, na hujui ipi itakaa karibu na ipi. Kwa hiyo haitoshi A ipendeze na B. Kila rangi lazima ionekane wazi mbele ya kila nyingine. Rangi nne zina jozi sita, rangi tano zina jozi kumi, na jozi zote lazima zipite mtihani. Mtihani wenyewe ni rahisi: zungusha kila uzi mara nane au kumi kwenye kipande cha kadibodi, zikae zikigusana, piga picha kwa simu mchana karibu na dirisha, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mahali ambapo nyuzi mbili zimekuwa kijivu kimoja, mchoro wa sehemu hiyo utamezwa. Nyekundu ya damu ya mzee na kijani cha chupa zinagombana vizuri sana machoni, lakini kwenye picha ya kijivu mara nyingi huwa kitu kimoja, na vitanzi vya kuruka (mchoro wa rangi mbili, tutaueleza mbele) vilivyofumwa kwa jozi hiyo havisomeki.

Uzi wenye madoadoa ya rangi nyingi unavutia dukani kuliko kwenye shali. Uwe mmoja tu, na zilizobaki ziwe rangi tupu. Madoadoa juu ya madoadoa hutoa uji. Wauzaji wengi hutoa vifurushi vilivyopangwa tayari kwa ajili ya shali ya mwaka huo. Ni vizuri, ila unalipia pia kazi ya kukuchagulia, na aliyevipanga huenda naye hajaiona shali.

Jaribio la pili ni la kuchuja rangi. Kata uzi wa sentimita 20 kutoka kila bunda, uloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, uuviringe ndani ya tishu nyeupe na uubane kwa vidole. Tishu ikishika rangi, uzi huo utatia doa jirani yake siku ya kufua. Nyekundu, buluu iliyokolea na zambarau ndizo zinazosumbua zaidi, hasa zilizotiwa rangi kwa mkono. Uufue peke yake mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, au uubadilishe. Ukiwa kwenye kidokezo cha tatu hakuna dawa.

Wasomaji wa Nairobi, Dar na Kampala watauliza kuhusu akriliki, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa bei ya kawaida. Inafanya kazi pale shali inapokuwa ya matuta, yaani vitanzi vya mbele pande zote mbili. Inashindwa pale panapokuja sehemu ya matundu. Sufu ukiilowesha, ukaivuta na kuibana kwa pini, ikikauka hukaa jinsi ulivyoiacha. Akriliki hurudi ilivyokuwa, na ukiilazimisha kwa pasi ya mvuke hulegea moja kwa moja na kupoteza uhai wake. Pamba haivutiki na ni nzito: mita 1,600 zitakulemea shingo. Kwa Mombasa au Tanga shali ya ukubwa huu haina kazi ya maana hata kidogo, tuseme ukweli. Limuru, Lushoto, Njombe, huko ina kazi, ila ikimalizika Novemba itangoja mpaka Juni.

Watu huruka kipimo cha vitanzi kwa kusema shali haina saizi. Kweli haina, lakini bunda lina mwisho. Tuseme maelekezo yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10 na mkono wako unatoa 20. Kila kitanzi chako ni kikubwa kwa asilimia 10, na kinakula uzi kwa kadiri hiyohiyo. Rangi iliyopangiwa mita 400 sasa inataka 440, na bunda lako lina 400. Unakwama mita 40 kabla ya mwisho, kwenye mistari mirefu kuliko yote. Kwa hiyo fuma kipande cha vitanzi 30 na mistari 40 hivi, ukifue, ukikaushe bila kukivuta, kisha pima katikati, si ukingoni. Vitanzi vikiwa vichache kuliko inavyotakiwa, shuka nusu milimita ya sindano na urudie.

Hapo kwenye sindano kuna mtego unaowapata hasa waliojifunza shuleni au kwa mama zao kwa namba za zamani za Kiingereza. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Zaidi ya hayo, namba za Kiingereza zikipanda sindano inakuwa nyembamba, na za Marekani zikipanda inakuwa nene. Soma milimita tu, na kama sindano imefutika maandishi ipitishe kwenye kibao chenye matundu ya kupimia. Chukua ya mzunguko yenye waya wa sentimita 100 au zaidi, hata kama hufumi duara. Shali ikifika vitanzi 400, sindano mbili fupi zilizonyooka hazivibebi, na sehemu nyingine haziwezekani kabisa bila waya, kama tutakavyoona.

Muda piga hesabu mwenyewe. Sehemu ya mistari 40 yenye vitanzi 300 ni vitanzi 12,000. Mkono wa vitanzi 30 kwa dakika unaimaliza kwa saa sita na dakika 40. Mkono wa 20 unahitaji saa kumi. Hapo hatujaweka kufumua, kutazama video na kuhesabu. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, kidokezo kimoja kwa wiki ni mbio, na vidokezo vya mwisho huwa vizito kuliko vya kwanza kwa sababu mistari imerefuka. Ushauri wetu kwa mgeni: chelewa wiki moja kwa makusudi. Anza kidokezo cha kwanza siku kinapotoka cha pili. Makosa ya maandishi, kama yapo, yatakuwa yamerekebishwa, video zitakuwa zimetoka, na raha ya kutojua bado unayo, mradi usifungue picha za waliotangulia.

Kuhusu hizo picha: kuangalia si udanganyifu. Asiyependa umbo fulani na anatumia uzi wa bei ghali ana haki ya kungoja siku mbili aone wenzake wametoa nini kabla ya kukata bunda. Wanaosema umeharibu mchezo hawakukununulia uzi.

Tuje kwenye mbinu ambazo West huzipenda na ambazo mgeni ataziona mara moja au nyingine.

Mwanzo wa shali nyingi ni kijilimi kidogo. Unaanzisha vitanzi 3, unafuma mistari 6 ya mbele, na kwenye ubavu yanaonekana matuta matatu. Hugeuzi kazi. Unaokota kitanzi kimoja kwenye kila tuta, vinakuwa 6, kisha vitatu vya ukingo wa mwanzo, unapata 9. Wengi huokota kwenye nafasi katikati ya matuta na kupata shimo, au hukaza sana mwanzo wasiweze kuingiza sindano. Anzisha kwa sindano nene kidogo.

Kuokota vitanzi kando ya kipande kirefu kunafuata kanuni ileile: tuta moja, kitanzi kimoja, yaani kimoja kwa kila mistari miwili. Anayeokota kimoja kwa kila mstari hupata vitanzi maradufu, na ukingo unajikunja mawimbi. Akiruka matuta, kipande kinavutwa ndani. Maelekezo yakisema okota 96 na wewe una 94, usirudi nyuma kufumua. Ongeza viwili katika mstari unaofuata, mbalimbali, na hakuna atakayeviona. Ukiwa na 80, umeruka mistari mahali, na hiyo ni kazi ya kufumua.

Mistari mifupi ya Kijerumani ndiyo inayowatia hofu watu bila sababu. Unageuza kazi kabla ya kufika mwisho, unahamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma, kisha unavuta uzi kwa nguvu juu ya sindano kuelekea nyuma mpaka kitanzi kionyeshe miguu miwili. Ukirudi baadaye, miguu hiyo miwili hufumwa pamoja kama kitanzi kimoja. Kosa ni kuihesabu kama viwili. Hesabu ikizidi, na tofauti ikiwa sawa na idadi ya mageuzo uliyofanya, hapo ndipo palipo kosa. Huna haja ya kutafuta kwingine.

Vitanzi vya kuruka hutoa michoro ya rangi mbili huku unafuma kwa uzi mmoja tu kwa mstari. Soma vifupisho kwa makini: sl ni kuhamisha kitanzi bila kukifuma, wyif inataka uzi ukae upande unaokutazama, wyib ukae upande wa pili. Ukiweka uzi upande usio wake, kijistari cha rangi hutokea mbele ya kitanzi mahali ambapo hakikutakiwa. Na usikaze uzi unaopita nyuma ya vitanzi vilivyorukwa. Tandaza vitanzi kwenye sindano ya kulia kabla ya kufuma kinachofuata, la sivyo sehemu hiyo itakunjamana, na kufua hakutainyoosha yote.

Brioshi ya rangi mbili, ufumaji wa mbavu nene, ndiyo ngumu kweli. Kila mstari hupitiwa mara mbili, mara moja kwa kila rangi, na baada ya mara ya kwanza hugeuzi kazi bali unasukuma vitanzi vyote mpaka ncha ya pili ya sindano. Ndiyo maana ya waya. Kila kitanzi kinachohamishwa kinabeba uzi uliolazwa juu yake, na viwili hivyo ni kitu kimoja. Uzi huo ukianguka, mbavu yote inakuwa bapa, na kuurudisha kutoka chini kunataka ndoano ya krosheti na subira.

Dawa yake ni uzi wa usalama. Chukua uzi laini wa pamba, mwembamba kuliko wa shali na wa rangi tofauti, uupitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye waya, ila si ndani ya pete za alama. Ukifumua, kazi itasimama hapo. Katika shali ya kawaida unauweka panapokuwa na hatari. Katika shali ya fumbo hujui hatari iko wapi, kwa hiyo weka mmoja mwisho wa kila kidokezo, na mmoja kabla ya brioshi au matundu, mara tu hesabu inapokubaliana na maandishi. Hesabu isipokubaliana, usiuweke.

Nunua au azima mizani ya jikoni ya gramu. Bunda la mita 400 lina mita 4 kwa kila gramu, kwa hiyo mizani inakuambia kilichobaki bila kukikunjua. Kwenye shali ya pembetatu inayopanuka kwa mwendo uleule, nusu ya uzi wote hutumika ukiwa umeshafika asilimia 71 ya kina. Anayeona bunda liko nusu anapofika nusu ya kina asifurahi. Alipaswa kuwa ametumia robo tu.

Mwisho mara nyingi ni ukingo wa kamba. Unaanzisha vitanzi 3 vipya, unafuma 2, cha tatu unakifuma pamoja na kitanzi cha shali, unavirudisha vyote 3 kwenye sindano ya kushoto, unaanza tena. Ni ukingo mzuri, unaovutika, lakini ni mlafi: shali ya vitanzi 400 inataka vitanzi 1,200 vya kufungia, sawa na mistari mitatu mizima. Kabla ya hapo pima uzi, fuma mistari minne, pima tena. Gramu zilizopungua ndizo uzitenge kwa kufunga, na kilichozidi kitakuwa cha kuficha ncha. Zisipotosha, simama mistari miwili mapema. Hakuna sheria inayokukataza.

Kama bado una wasiwasi, shali za miaka iliyopita zinauzwa zikiwa zimekamilika, vidokezo vyote kwa pamoja. Exploration Station ya 2014 ni ya rangi nne, na The Doodler ya 2015 ni ya rangi tatu. Chukua mojawapo, usitazame picha ya mwisho kama unaweza, na ufume kwa mwendo wako. Utajua kama mtindo huu wa kazi unakufaa kabla ya kuingia kwenye mbio za Oktoba.

Lugha ni kikwazo kwa baadhi. Maelekezo yako kwa Kiingereza, na vifupisho ni vya Kimarekani. k ni kitanzi cha mbele, p cha nyuma, yo ni kulaza uzi juu ya sindano, k2tog ni viwili pamoja vinavyoegemea kulia, ssk viwili vinavyoegemea kushoto. Viandike kwenye kadi ndogo ukae nayo mkononi, maana kurudi ukurasa wa pili wa PDF kwenye simu kila dakika ndiko kunakopotezea watu mstari.

Shali ikiisha, ilaze kwenye maji baridi dakika 20, ikamue kwa kuikanyaga ndani ya taulo, si kwa kuisokota. Sufu iliyotengenezwa ili ifuliwe kwa mashine hurefuka sana ikiwa mbichi, kwa hiyo usiitundike kwenye kamba. Uzito wa maji utaivuta ipoteze umbo. Tandaza juu ya godoro lenye shuka, panga ukingo, bana kwa pini zisizoshika kutu, na uiache kivulini, maana nyuzi zilizotiwa rangi kwa mkono hupauka haraka kwenye jua letu. Ncha zifiche kabla ya kuilowesha, lakini kata mkia baada ya kukauka, ukiacha sentimita 2. Ukizikata mapema, shali ikinyooka nazo huchomoza upande wa uso.